Salum, Mbaraka na Fimbo ya Kwaya

Jioni moja mjukuu wangu, ambaye yuko darasa la sita, alikuwa ameketi nami sebuleni hapa Mwembesongo tukitazama televisheni. Palikuwa na wanamuziki wa Ulaya wapatao themanini, wote wamevaa nguo nyeusi, na mbele yao amesimama mzee mmoja mwenye nywele nyeupe akipunga kijiti. Mtoto akaniuliza, "Babu, yule hapigi kitu, mbona yumo?" Nikamjibu kuwa yule ndiye kondakta. Akacheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu kondakta anayemfahamu yeye ni yule wa daladala za Msamvu, anayening'inia mlangoni na kukusanya nauli. Kisha akaniuliza, safari hii kwa heshima kidogo, kama yule mzee naye hukusanya nauli.

Nilicheka pamoja naye, lakini jibu sikuwa nalo. Jambo hilo lilinisumbua, maana nilifundisha kwa miaka 38, na kwa miaka 24 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu ambaye, pamoja na kazi nyingine zote, nilisimama mbele ya kwaya ya shule na kupunga fimbo. Kama mtu niliyeshika fimbo muda wote huo siwezi kumweleza mtoto kazi yake, basi huenda sikuijua vema. Ndiyo maana nimeamua kuandika sura hii. Nia yangu ni kupima uongozi wa muziki kwa kuwatazama viongozi wawili wakubwa waliotoka katika mji wetu wa Morogoro, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Mwishoni nitajipima na mimi, ingawa katika mizani hiyo mimi ni punje tu.

Kwanza tuitazame hiyo fimbo. Watu hudhani kwamba tangu muziki wa okestra uanze huko Ulaya palikuwa na mtu asiyepiga chombo aliyesimama mbele na kijiti. Sivyo. Zamani aliyeongoza alikuwa mmoja wa wapigaji wenyewe. Aliketi katikati yao na fidla yake au kwenye kinanda, akawaashiria wenzake kwa kichwa, kwa macho, au kwa upinde wa fidla. Haydn, mtunzi mkubwa wa Austria, aliongoza wanamuziki wa nyumba ya kikabaila ya Esterházy kwa miaka mingi akiwa miongoni mwao. Huko Ufaransa walikuwa na desturi ya kugonga sakafu kwa fimbo ndefu na nzito ili wote waende pamoja. Mtunzi Jean-Baptiste Lully, aliyemtumikia Mfalme Louis wa Kumi na Nne, alijigonga mguuni kwa fimbo hiyo mwaka 1687, kidonda kikaoza, akafa. Kijiti chembamba kilienea baadaye, katika karne ya 19, wakati okestra zilipokuwa kubwa mno kuongozwa na mtu aliyeketi.

Nilipokisoma kisa cha Lully kwa mara ya kwanza nilikuwa Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, na sote tulicheka. Sasa nikiwa mzee naona kina funzo kwa mtu yeyote aliyewahi kushika fimbo mbele ya watu.

Turudi nyumbani. Kwetu neno okestra halikumaanisha watu themanini wenye fidla. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi, tumba, manyanga, saksafoni moja au mbili, na waimbaji. Morogoro, mji mdogo wa reli na mkonge chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa na bendi mbili ambazo jina lake lilifika kila mahali Kiswahili kilikosemwa: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba, iliyoanza mwaka 1948. Mji uligawanyika kama unavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Palikuwa na nyumba ambazo mume alikuwa wa Moro Jazz na mke ni wa Cuban, na siku ya Jumamosi kila mmoja alipita njia yake.

Salum Abdallah alizaliwa mwaka 1928, mtoto wa mji huu, mwenye asili ya Kiarabu kwa upande wa baba. Ujana wake ulikuwa wakati wa santuri za Cuba, zile zenye alama ya GV, ambazo tangu miaka ya 1930 zililetwa Afrika na kupendwa mno. Husimuliwa kwamba zilimwingia kiasi cha kumfanya atoroke nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba kwenyewe, safari ikaishia Mombasa. Aliporudi Morogoro aliunda bendi, akaiita kwanza La Paloma, na baadaye Cuban Marimba. Naipenda habari hii kwa sababu moja. Kijana aliyeshindwa kuifikia Cuba alirudi akaitengeneza hapahapa, tena kwa Kiswahili.

Mimi niliisikia Cuban Marimba kwa mara ya kwanza mwaka 1961, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mjomba wangu, aliyefanya kazi reli, alikuwa mtu wa Cuban kindakindaki. Sisi Waluguru mjomba ni mtu mzito. Akikuambia twende, huulizi wapi. Alinichukua hadi nje ya ukumbi, akaniambia nisimame dirishani nisitoke hapo, naye akaingia ndani na viatu vyake vya kung'aa. Nilisimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuwaona vizuri, kwani dirisha lilikuwa juu na migongo ya watu ilikuwa mingi. Kwa hiyo nilisikiliza tu, na labda hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu.

Nilichokisikia kilinishangaza. Sauti ya Salum ilikuja mbele, ikasema neno lake, kisha ikarudi nyuma, na kiitikio kikajibu kama umati mzima. Kisha magitaa yakapata nafasi yao. Kisha ikabaki midundo peke yake, na wachezaji wakapiga makelele. Halafu ile sauti ikarudi tena bila haraka, kama mwenye nyumba aliyekwenda ndani kuwaletea wageni maji. Hakuna aliyegombania nafasi na mwenzake. Sikuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo wakati ule. Leo ningesema kwamba Salum alijua kunyamaza.

Ninaposema hivyo sitegemei kumbukumbu ya utotoni peke yake, kwa maana kumbukumbu ya mtoto huongeza chumvi. Rekodi za Salum zipo. Bendi yake ilirekodi santuri nyingi miaka ya 1950 na 1960, na baadhi yake zilikusanywa upya katika CD iliyotolewa Ulaya mwaka 2000 kwa jina la wimbo wake maarufu, Ngoma Iko Huku. Mpwa wangu aliniletea, nami nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nyimbo zenyewe ni fupi, kwani santuri za siku zile zilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Mtu mwenye dakika tatu hana nafasi ya kubabaisha. Ndani ya dakika hizo husikii mtu mmoja akijionyesha. Mdundo ni wa rumba au cha-cha-cha, nao umetulia kama maji ya mtungi, na kila chombo kinafanya kazi ndogo inayoeleweka. Ukikitoa kimoja, utaona tundu. Hapo ndipo mkosoaji anapotambua mkono wa kiongozi, ingawa kiongozi mwenyewe anasikika kama mwimbaji tu.

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nakumbuka mjomba alikaa kibarazani mchana kutwa bila kuwasha sigara aliyoishika. Wapo waliosema kuwa Cuban imekwisha. Lakini haikuisha. Uongozi ulishikwa na Juma Kilaza, na Cuban Marimba ikaendelea kupiga, kurekodi na kupendwa hadi katika miaka ya 1970. Mjomba alichelewa kwenda tena dansini, akakaa muda mrefu. Aliporudi usiku ule nilimuuliza, "Vipi, Mjomba?" Akanijibu, "Ni wenyewe. Salum hayupo, lakini ni wenyewe." Jibu hilo nimekaa nalo kwa karibu miaka sitini.

Sasa niingie kwa Mbaraka, na hapa msomaji wangu anivumilie, kwa sababu kwa miaka mingi sikumtendea haki.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz. Alijiunga na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960, na baada ya muda mfupi mtu hangeweza kuitaja bendi bila kumtaja yeye. Aliimba, alitunga, na zaidi ya yote alipiga gitaa la solo namna ambayo sijasikia mwingine akiipiga. Wengine walimwita solisti wa taifa, na hawakutia chumvi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Nilikuwa chuoni Kigurunyembe wakati huo. Habari zilipopanda kule mlimani kwamba vijana wa Morogoro wamekwenda kupiga muziki Japani, hata wakufunzi ambao kwao dansi ilikuwa uhuni mtupu walitabasamu siku hiyo.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, akaunda bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano. Nchini kwetu hapakuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo bendi zilisafiri hadi Nairobi kurekodi, naye alifanya hivyo mara nyingi. Wimbo wake wa Shida uliuzwa sana Tanzania na Kenya, na mpaka leo sijaona mtu mzima wa rika langu asiyeufahamu. Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Msomaji ataona mwenyewe jinsi maisha haya mawili yalivyofanana: mji mmoja, Mombasa katika habari za wote wawili, na barabara iliyowachukua wote wakiwa bado vijana. Lakini baada ya hapo njia zilitengana. Morogoro Jazz ilidhoofika baada ya kuondoka kwake, na Super Volcano haikupata tena jina kama lile baada ya kifo chake.

Kutokana na hayo nilijitungia hukumu yangu, nikaisema katika vyumba vya walimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilisema: Salum alikuwa kiongozi, Mbaraka alikuwa mpigaji. Kiongozi hupimwa kwa kile kinachobaki akiondoka. Salum aliondoka na bendi ikabaki. Mbaraka aliondoka mara mbili, mara moja kwa miguu na mara moja kwa mauti, na mara zote mbili alichokiacha kilianguka. Kwa hiyo, nilimaliza, fundi na kiongozi ni watu wawili.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mpenzi wa Moro Jazz, alikuwa akikasirika sana. Aliniambia kwamba nilikuwa namhukumu mtu kwa ajali ya barabarani. Nilimjibu kwa methali, kama walimu tunavyofanya tukiishiwa hoja. Leo sikumbuki hata ilikuwa methali gani.

Kilichonibadilisha hakikutoka kwa Mbaraka. Kilitoka kwenye kwaya yangu.

Shule niliyoiongoza miaka hiyo haina haja ya kutajwa. Itoshe kusema kwamba kwaya yake ilikuwa mashuhuri wilayani, nami nikijua kuwa ni mashuhuri kwa sababu yangu. Nilichagua nyimbo mimi, nilipanga sauti mimi, nilitoa sauti ya kuanzia mimi, na kila ubeti nilionyesha kwa fimbo nani aingie na nani anyamaze. Watoto walifunzwa kutoondoa macho kwenye ncha ya fimbo. Aliyetazama pembeni aliijua fimbo ile kwa matumizi yake mengine. Tulishinda mara nyingi, na kabati la ofisi yangu lilijaa vikombe.

Katika kwaya hiyo alikuwamo kijana mmoja wa darasa la sita aliyekuwa na sikio la ajabu. Akisikia sauti ya tatu imeteleza, aliirudisha kwa kuimba kwa nguvu kidogo, na wenzake wakamfuata bila mimi kufanya lolote. Wiki chache kabla ya mashindano ya mwaka 1988 nilipata habari kwamba ameonekana usiku kwenye sherehe ya mwali, akipiga gitaa alilolitengeneza kwa debe, ubao na nyaya za breki za baiskeli. Nilimwita mbele ya shule nzima asubuhi. Nikasema kuwa kwaya ya shule si mahali pa wahuni, nikamwondoa. Lile gitaa nililiagiza, akalileta mwenyewe, nikalitia stoo. Sikumwambia mtu yeyote kwamba mimi mwenyewe, nikiwa na umri wake, nilisimama chini ya dirisha la ukumbi wa dansi usiku kucha kwa amri ya mjomba wangu.

Siku ya mashindano niliamka na homa kali. Nilijaribu kusimama, nikaanguka. Mwalimu msaidizi alikwenda na watoto. Hakuwa mtu wa muziki, lakini tulidhani haidhuru, maana nyimbo walizijua kama wanavyojua majina yao. Alinisimulia jioni yaliyotokea, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu, kofia mikononi. Watoto walipanda jukwaani, wakajipanga vizuri, sare zimepigwa pasi. Kisha wakakaa kimya. Alipunga mkono wake, wakamtazama. Akawaambia waanze, mmoja akaanza juu mno, mwingine chini mno, wakaacha. Mara ya tatu wote walikuwa wanapatazama mahali palipo wazi ambapo mimi ningesimama. Mtoto mmoja akaanza kulia, wakashuka.

Kwa muda mrefu niliisimulia habari hiyo kama sifa kwangu. Nilisema, mnaona jinsi watoto wale walivyonitegemea! Niliposta afu mwaka 2009 kwaya ikafa ndani ya muhula mmoja, nami nikamlaumu aliyenirithi. Ni usiku mmoja tu, nikiisikiliza ile CD ya Cuban, ndipo nilipokumbuka neno la mjomba, kwamba Salum hayupo lakini ni wenyewe. Kwangu mimi mambo yalikuwa kinyume. Watoto arobaini walikuwapo, nami peke yangu sikuwapo, na pale jukwaani hapakuwa na kitu. Aliyeweza kuwaanzishia wimbo alikuwa nyumbani kwao, kwa sababu nilimfukuza.

Nilikuja kukutana naye mwaka 2017, kwenye harusi ya jirani hapahapa Mwembesongo. Palikuwa na bendi ndogo ya watu sita. Nilisikia kwanza kabla sijaona. Muziki ulikuwa umekaa sawa, hakuna aliyemfunika mwenzake, nami nikatafuta kwa macho nani anaongoza, nisimwone. Walipopumzika, mtu mzima mwenye mvi kidogo aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na gitaa la besi alikuja akainama. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimtambua kwa sauti. Nikamuuliza nani kiongozi wa bendi. Akasema ni yeye. Nikamuuliza mbona haonekani wala hasikiki. Akafikiri kidogo, akasema, "Nikisikika sana mimi, Mwalimu, mpiga tumba ataacha kuwasikiliza wenzake, atanisikiliza mimi."

Nilianza kumwambia, "Kuhusu ule mwaka wa kwaya..." Akanikatiza kwa upole. "Yameisha, Mwalimu. Umeshapata pilau?" Akaenda mwenyewe kuniletea sahani. Ile stoo niliyoweka gitaa lake ilikwisha kubomolewa zamani, na lile gitaa sijui lilikwenda wapi.

Baada ya harusi hiyo nilirudi kwa Mbaraka, nikamsikiliza upya, kwa sikio ambalo halikuwa limekwisha kuhukumu. Nyimbo zake nyingi zina sehemu mbili. Kwanza maneno huimbwa kwa utulivu, hadithi ikaeleweka. Kisha waimbaji hunyamaza, na magitaa huchukua usukani. Katika sahani ndogo za wakati ule mara nyingi ulilazimika kugeuza upande wa pili ili uipate sehemu hiyo. Mimi nilikuwa nikiisikia kama Mbaraka peke yake na wengine wakimsindikiza. Safari hii nilisikiliza gitaa la ridhimu, ambalo nilikuwa silijali. Linarudia kifungu kilekile kifupi bila kuchoka, na solo ya Mbaraka haliachi hata mara moja. Inakwenda mbali kidogo, inarudi kulisalimia, inaacha pengo, na katika pengo hilo husikika saksafoni au tumba. Kisha anapandisha kidogo, na bendi nzima inapanda naye bila kuambiwa. Alikuwa akiongoza! Aliongoza kama wale wapiga fidla wa zamani wa Ulaya, akiwa katikati ya wenzake, chombo mkononi. Fimbo yake ilikuwa gitaa, na kwa kuwa gitaa lile lilikuwa tamu mno, sisi wasikilizaji tulidhani ni mapambo.

Kwa hiyo naifuta hukumu yangu ya kwanza. Mbaraka alikuwa kiongozi. Yule mwalimu mwenzangu, ambaye ametangulia mbele ya haki, alikuwa na haki ya kukasirika. Bendi haifi kwa sababu moja. Huishi kwa kiingilio cha mlangoni wiki hadi wiki, kwa vyombo ambavyo pengine si vya wapigaji wenyewe, na kwa safari za usiku katika magari mabovu. Tena jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye santuri likiondoka, watu hawaji dansini hata kama waliobaki ni hodari. Wasikilizaji tulikuwa na sehemu yetu katika kuiua Super Volcano. Tulimpenda mtu mmoja, tukawasahau waliosimama naye.

Lakini siifuti yote. Bado naona tofauti kati ya watu hawa wawili, na ni wajibu wa mkosoaji kuisema. Kwa Mbaraka, kiti cha kiongozi kilikuwa kimetengenezwa kwa kipimo cha mwili wake, na mtu mwingine hangeweza kukikalia bila kupwaya. Salum, kwa kujua au kwa kutojua, aliacha kiti ambacho Juma Kilaza aliweza kukikalia. Sisemi kimoja ni kitamu kuliko kingine. Nikitaka kusikia mtu mmoja akiueleza moyo wangu, namweka Mbaraka. Nikitaka kusikia watu wanaoishi pamoja bila kugombana, namweka Salum.

Ama mimi, sina hata udhuru wa Mbaraka. Yeye aliacha rekodi ambazo wajukuu zangu watazisikiliza. Mwongozaji asiyepiga chombo, kama mimi, hana sauti yake mwenyewe ya kuacha. Kitu pekee anachoweza kukiacha ni watu wanaojua kusikilizana. Asipowaacha hao, basi alikuwa akipunga fimbo tu, na heri yangu sikuwa nagonga sakafu kama Lully.

Juma lililofuata ile okestra ya Ulaya ilirudi kwenye televisheni, nikamwita mjukuu wangu. Nikamwambia kwamba yule mzee hakusanyi nauli. Kazi yake kubwa ilikwisha kufanyika kabla ya siku hii, katika mazoezi, alipowafundisha wale themanini kusikilizana. Mtoto akatazama kidogo, akauliza, "Kwa hiyo Babu, wakimtoa sasa hivi wataendelea?"

"Wakiwa wamefundishwa vizuri, wataendelea."

"Na kwaya yako ya shule je?"

Nikamwambia kwamba yangu haikuweza, na kwa mara ya kwanza nikamweleza sababu.